Jeep ya Beijing: mkataba uliosahau dola zitatoka wapi

Kwanini nakileta kisa hiki

Kampuni ya nje ikiingia ubia na kiwanda cha ndani kutengeneza magari, watu wengi wanauliza hisa ni asilimia ngapi na ajira zitakuwa ngapi, basi, wakishajibiwa hayo wameridhika. Mi naona swali linalotakiwa kutangulia ni hili: gari likishauzwa kwa hela ya ndani, dola za kuagiza vipande vya gari linalofuata anazitoa nani? Kisa cha Beijing Jeep, China miaka ya 1980, kinaonesha vizuri sana kinachotokea swali hilo likiachwa hewani siku ya kusaini. Watu waliohusika nawataja kwa vyeo tu, majina yao hayaongezi kitu kwenye somo, ila kampuni na miaka naviacha vilivyo maana ni mambo ya wazi.

Hali ilivyokuwa

China ilipitisha sheria ya ubia na wageni Julai 1979, ikiwa ndo kwanza inafungua mlango. Pale Beijing kulikuwa na kiwanda cha serikali, Beijing Automotive Works, kilichokuwa kinatoa jeep inaitwa BJ212, gari la miaka ya 1960 lenye sura ya jeep za Kisovieti, juu turubai, milango minne, gumu, rahisi kulitengeneza hata kijijini. Wateja wake wakubwa walikuwa jeshi na maofisa wa serikali, na lilikuwa linauzika kuliko walivyoweza kulitengeneza. Shida ni kwamba lilikuwa limezeeka, injini inakunywa mafuta, teknolojia ya miaka ishirini nyuma, na wenyewe walikuwa wanajua.

Upande wa pili kulikuwa na American Motors, AMC, kampuni ndogo kuliko zote kati ya watengenezaji wakubwa wa Marekani, mwenye jina la Jeep. Hali yake kifedha ilikuwa mbaya, inakula hasara, na mwanahisa wake mkubwa alikuwa Renault ya Ufaransa. Kwaiyo hawa hawakwenda China na mifuko imejaa, walikwenda wakitafuta soko ambalo wakubwa walikuwa bado hawajaligusa, alafu na sehemu yenye mishahara midogo ya kutengenezea magari ya kuuza nchi nyingine za Asia.

Mazungumzo yalianza 1979 na yalikula zaidi ya miaka minne, saini ikawekwa tarehe 5 Mei 1983, kampuni ikaanza kazi Januari 1984. Ilikuwa ubia wa kwanza wa kutengeneza magari kati ya China na kampuni ya nchi za Magharibi. AMC ilipata hisa asilimia 31.35 kwa thamani ya dola milioni 16, nusu taslimu na nusu teknolojia, yani hela yenyewe iliyotoka mfukoni ni dola milioni 8. Upande wa China ukabaki na asilimia 68.65, sehemu kubwa ikiwa ni majengo, mitambo na laini ya BJ212. Muda wa ubia miaka 20.

Hiyo laini ya BJ212 kuingizwa ndani ya ubia ikumbukwe, maana mbele huko ndo iliyookoa jahazi.

Kila mtu alikuwa na jeep yake kichwani

Kwenye karatasi wote walikubaliana kuleta jeep mpya ya kisasa. Tatizo ni kwamba hawakuwa wanaongelea gari moja.

Wachina, na hasa jeshi nyuma yao, walitaka mrithi wa BJ212. Milango minne, juu turubai la kukunjua, askari waweze kuruka nje haraka na bunduki zao na waweze kufyatua wakiwa ndani. Wamarekani walikuwa na gari lao jipya kabisa, Cherokee, lililoingia sokoni kwao kama toleo la 1984, wanajivunia nalo na walitaka kuliuza kila mahali. Sasa mafundi walipokaa chini kuangalia kama Cherokee inaweza kugeuzwa iwe ya turubai, jibu likawa hapana. Jeep za zamani zina chesisi yake peke yake, bodi inakalia juu, ukitoa paa hakuna kinachoharibika. Cherokee haiko hivyo, bodi na chesisi ni kitu kimoja kilichochomelewa pamoja, na paa ni sehemu ya nguvu ya gari, ukilikata gari zima linalegea, inabidi uanze kuimarisha sakafu na nguzo za milango upya, na ukifanya hivyo umeshatengeneza gari jingine. Na kubuni gari jingine kuanzia sifuri ni mamia ya mamilioni ya dola, hela ambayo AMC haikuwa nayo kwao Marekani, sembuse Beijing.

Hili lilitakiwa kujulikana kabla ya saini. Miaka minne ya mazungumzo, wanasheria, wakalimani, safari za kwenda na kurudi, alafu swali la msingi kabisa, ni gari gani tunatengeneza, likaja kujibiwa baada ya kampuni kuanza kazi.

Uamuzi wa kwanza: kuleta seti

Wazo la jeep mpya likawekwa pembeni, wakakubaliana Cherokee ije Beijing kwa seti, vipande vyote vimefungwa kwenye makasha kutoka kwa AMC, pale Beijing kazi iwe kuunganisha. Alafu taratibu vipande vya ndani viwe vinachukua nafasi ya vya nje mpaka siku moja gari liwe la Kichina.

Uamuzi huu kila upande ulikuwa na sababu yake na sababu zenyewe zilikuwa na mantiki. AMC ilikuwa inalipwa kwa kila seti inayotoka, tena kwa dola, bila kuongeza mtaji hata senti, hata kampuni ya ubia yenyewe isipopata faida kubwa wao kwenye seti wameshachukua chao. Menejimenti ya Kichina ilikuwa inapata gari la kisasa haraka, mafundi wake wanajifunza, na wakubwa wa mji wa Beijing wanapata kitu cha kuonesha. Cherokee ya kwanza iliyounganishwa pale ilitoka kiwandani Septemba 1985 na ikapokelewa kwa shangwe.

Ila ukiangalia vizuri, kuanzia siku ile wabia wawili walikuwa wanavutana bila kutangaziana. Mmoja anapata hela seti zikiwa nyingi na zikiendelea kuja miaka mingi. Mwingine anapata anachokitaka seti zikipungua. Hakuna mahali kwenye mkataba palipowafanya wote wawili wapate faida kwa vipande kutengenezwa ndani, na mi nadhani kosa hili ni kubwa kuliko hata la turubai.

1985: dola zinakauka

Kulipia seti kulihitaji dola, na Cherokee zilikuwa zinauzwa ndani ya China kwa wateja wenye yuan, hela ya China. Yuan wakati ule ilikuwa huwezi kwenda nayo benki ukabadilisha unavyotaka, dola zilikuwa zinagawiwa na serikali kwa mgao. Njia iliyotumika ikawa mteja, mara nyingi ofisi ya serikali au kampuni ya umma, alipe sehemu ya bei kwa dola kutoka kwenye mgao wake mwenyewe. Kwa maana hiyo kampuni ilikuwa inategemea dola za mteja, mteja anategemea mgao wa serikali, na huko serikalini anayeamua mgao hakuwa ameweka saini kwenye mkataba wowote wa Jeep.

Sheria yenyewe ilitaka kampuni za ubia zijitosheleze kwa fedha za kigeni. Walichotegemea kwenye mkataba ni kuuza nje, kwamba jeep za Beijing zitauzwa Asia na dola zitaingia. Lakini gari linalounganishwa kwa seti zilizosafirishwa kutoka ng'ambo, kiwandani ambako ndo kwanza watu wanajifunza, linakuwa ghali kuliko lililotoka Marekani moja kwa moja. Hapo utamuuzia nani nje? Mishahara midogo haikusaidia kitu kwa sababu gharama kubwa ilikuwa ndani ya makasha.

Mwaka huohuo China yote ikaishiwa. Mwaka 1984 serikali ilikuwa imelegeza mikono, mikoa ikapewa uhuru wa kuagiza, na uagizaji ukafumuka, kisiwa cha Hainan peke yake kiliagiza magari 89,000 kwa kutumia nafuu iliyopewa kwa ajili ya maendeleo yake na kuyauza bara kwa faida, kashfa ikalipuka 1985. Akiba ya fedha za kigeni ikashuka kwa mabilioni ya dola ndani ya muda mfupi, na Beijing ikabana kila mlango. Wateja wa Cherokee wakakosa mgao. Magari yaliyokwisha unganishwa yakabaki hayajalipiwa dola zake, na vibali vya kuagiza seti mpya vikawa havitoki.

Uamuzi wa pili: kusimamisha na kupiga kelele

AMC ilikuwa na njia tatu mbele yake. Kuendelea kupeleka seti kwa mkopo na kuomba Mungu. Kuuza hisa na kuondoka. Au kugoma kupeleka mpaka dola zionekane. Walichagua ya tatu, na mwanzoni mwa 1986 uunganishaji wa Cherokee ukasimama kwa takribani miezi miwili.

Kwa kampuni iliyokuwa na hali yao ule ndo uamuzi uliokuwa sahihi, kuwakopesha wakati huna hela ni kuhamishia tatizo kwako. Lakini kilichofanya mgomo ufanye kazi ni hatua iliyofuata. Mkuu wa Wamarekani pale Beijing aliona kuzungumza na wakubwa wa kiwanda hakutafika popote, na wala hawakuwa wabaya, walikuwa hawana mamlaka ya dola, na hata wakubwa wa mji hawakuwa nayo ya kutosha. Akaandika barua kwa waziri mkuu wa China akieleza kwamba kampuni iko karibu kufa. Wakati huohuo habari zikatoka kwenye magazeti ya Marekani kwamba ubia uliokuwa unatangazwa kila mahali kama mfano umekwama.

Hapo ndo nguvu yao ilipokuwa. AMC ilikuwa na asilimia 31 ya hisa, ilikuwa kampuni dhaifu, lakini ilikuwa kwenye ubia ambao serikali ya China ilikuwa inauonesha kwa kila mwekezaji anayekuja. Ukifa huo, nani mwingine atakuja? Waliijua karata yao na waliitumia kwa wakati. Ingekuwa kampuni ya ishirini kuingia China nadhani barua ingelala kwenye droo.

Mei 1986: meza sahihi

Serikali kuu ikamkabidhi suala hili naibu waziri kwenye tume ya uchumi ya taifa, mtu ambaye miaka michache baadaye alikuwa meya wa Shanghai na mwishowe waziri mkuu. Kwa mara ya kwanza mwenye mamlaka juu ya dola alikuwa amekaa mezani, na mambo yaliyoshindikana miezi mingi yakaisha kwa muda mfupi.

Makubaliano ya Mei 1986 yalikuwa hivi: China ingetoa fedha za kigeni kama dola milioni 120 mpaka 1990, zinunuliwe seti 12,500 za Cherokee. Kampuni ikaruhusiwa kubadilisha yuan zake kuwa dola kwa bei rasmi. Na baada ya 1990 ijitegemee, maana yake ndani ya kipindi hicho vipande vya ndani viongezeke vya kutosha.

Na yuan za kubadilisha zilitoka wapi? Kwa BJ212. Gari lile la zamani lililokuwa linadharauliwa, linatoka kwenye laini ileile kila siku, linauzwa kwa yuan na halihitaji kasha hata moja kutoka nje, ndo lilikuwa linaingiza faida. Lile ambalo ubia ulianzishwa ili kulistaafisha ndo likawa linalipa bili za gari jipya.

Matokeo

Kampuni haikufa. Mwaka 1987 Chrysler iliinunua AMC nzima, Beijing ikiwemo, na ikarithi mkataba wenye mgao wa dola ndani yake, kitu ambacho wabia wengine China hawakuwa nacho. Juni 1989 Wamarekani waliondolewa kwa ajili ya yaliyotokea Tiananmen, pale jeshi lilipozima maandamano mjini Beijing, na uzalishaji ukaendelea mikononi mwa Wachina, hiyo yenyewe ni dalili kwamba mafunzo yalikuwa yameingia. Miaka ya 1990 vipande vingi vya Cherokee vikawa vinatengenezwa ndani, na BJ212 ikaboreshwa ikapewa jina la BJ2020 na kuendelea kuuzika. Baadaye Cherokee ilizeeka bila mrithi wa maana, mauzo yakashuka, na 2005 kampuni ikapangwa upya kuwa Beijing Benz, inatengeneza Mercedes.

Nje ya kiwanda pia kulikuwa na mabadiliko. Oktoba 1986 serikali ya China ilitoa kanuni mpya 22 za kuwavutia wawekezaji, na moja ya yaliyoguswa ni jinsi kampuni za ubia zitakavyopata fedha za kigeni, ikiwemo kubadilishana zenyewe kwa zenyewe mwenye ziada na mwenye upungufu. Malalamiko ya wawekezaji yalikuwa mengi na Jeep ndo iliyokuwa maarufu kuliko zote.

Jeep ya turubai ya kubuni pamoja haikutengenezwa.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi maana ni kifupi. Kuiweka laini ya BJ212 ndani ya ubia kuliupa ubia kitu cha kula wakati wa njaa, na kampuni nyingi za ubia zinazoanza na bidhaa mpya peke yake hazina hicho. Kusimamisha seti mapema kabla deni halijawa mlima kulilazimisha kila mtu aonekane amesimama wapi. Na kupanda juu moja kwa moja kwa mwenye mamlaka kuliokoa muda.

Kilichofeli ni kirefu zaidi na kwangu chote kinarudi kwenye meza ya 1983. Waliokaa pale walikuwa kiwanda, mji wa Beijing na AMC. Jeshi lililokuwa mteja halikuwepo kama mhusika wa kusema nataka gari gani, na waliokuwa wanagawa dola hawakuwepo kabisa. Matokeo yake wakasaini watu ambao hata wakitaka kutimiza hawawezi. Mara nyingi tunasema mbia wa ndani kavunja ahadi, kumbe aliahidi kitu kilichokuwa mfukoni kwa mtu mwingine. Kama unaingia mkataba wa aina hii, benki kuu au wizara inayohusika na fedha za kigeni inatakiwa iwe imeandika barua yake, kiasi gani, kwa miaka mingapi, bei gani ya kubadilisha, vinginevyo ukurasa wa dola ni matumaini tu. Makubaliano ya Mei 1986 kimsingi ni ule ukurasa uliokosekana, umeandikwa miaka mitatu baadaye, kwa presha, na kwa gharama ya miezi miwili ya kiwanda kusimama.

La pili ni teknolojia kuhesabiwa kama mtaji. Dola milioni 8 za AMC zilikuwa teknolojia, lakini teknolojia ya gari lipi? Kama jibu ni gari ambalo mteja hakulitaka, thamani yake ni makubaliano ya kwenye karatasi. Ilitakiwa iandikwe kwa vitu vinavyoshikika: michoro ya kipande gani, mafundi wangapi wafundishwe nini, kipande gani kianze kutengenezwa ndani mwaka gani.

La tatu ni ule mvutano wa seti. Tukilinganisha na Shanghai ndo linaonekana. Volkswagen walisaini na Shanghai Oktoba 1984, nao walianza kwa kuunganisha seti za gari lao linaitwa Santana, na miaka ya mwanzo vipande vya ndani vilikuwa vichache mno. Tofauti ni kwamba mji wa Shanghai uliweka tozo kwenye kila Santana inayouzwa, hela ikaenda kwenye mfuko wa kuwajenga watengenezaji wa vipande, yani seti yenyewe ikawa inachangia kuiua seti. Na aliyesimamia sana kazi hiyo akiwa meya ni yuleyule aliyemaliza ugomvi wa Jeep. Siwezi kusema alijifunzia Beijing, ila alichokiona Beijing alikiona kwa karibu. Shanghai ikaja kuwa kituo kikubwa cha magari China, Beijing Jeep ikabaki kampuni ya gari moja na nusu. Kwenye mji wa Guangzhou, kusini mwa China, Peugeot nao waliingia ubia 1985, waliendelea kutegemea vipande vya ghali kutoka Ufaransa na 1997 walifungasha, Honda ikachukua kiwanda.

Huku kwetu viwanda vya kuunganisha vya Mombasa, Thika na Nairobi vilianzishwa miaka ya 1970 kwa ubia ambao serikali ya Kenya ilikuwa na hisa, kwa mtindo huuhuu wa seti, na swali la vipande vya ndani halijaisha mpaka leo. Mwaka 2023 dola zilipoadimika Kenya na Tanzania, kila anayeagiza aliionja hali ya 1985, una oda, una shilingi, benki inakwambia subiri. Kwaiyo nikisikia mkataba mpya wa kuunganisha magari au pikipiki za umeme umesainiwa, vitu ninavyovitafuta kwanza ni vitatu: nani kaandika kwamba dola zitapatikana, mbia wa nje anapata hela yake wapi kati ya seti na faida ya kampuni, na kama kuna tozo au mfuko wowote unaomlipa fundi wa ndani atakayetengeneza hata kiti, waya na kioo cha hilo gari. Kama vyote vitatu havimo, idadi ya ajira iliyotangazwa siku ya uzinduzi naisoma kama makisio ya mwaka wa kwanza, kabla dola hazijabana.